Nairobi Dam ilivyokauka kwa laptopu yangu

Hii ni kazi niliifanya vibaya kwanza halafu nikairudia, na naiandika yote na makosa yake kwa sababu karibu kila wiki naona mtu ametupia watu ramani mbili za setilaiti, ya kushoto iko na bluu, ya kulia haina, halafu chini ameandika tu "ona vile maji yetu yameisha". Inaweza kuwa yameisha kweli. Inaweza pia kuwa yako palepale, ni vile tu hayaonekani kutoka juu. Mimi nilikuwa mtu wa hizo ramani mbili mpaka Nairobi Dam ikaniaibisha mbele ya watu.

Kazi ilikuja Jumanne. Kikundi cha vijana wa mazingira, wengi wa Kibera na wachache wa upande wa Lang'ata, walikuwa wanajaza fomu ya mfadhili, na fomu ilikuwa na kiboksi kimoja kinaitisha namba: eneo la maji limepungua kwa asilimia ngapi, tangu mwaka gani. Namba moja. Kufika Ijumaa. Wakanitafuta kwa sababu nafanya vibarua vya ramani, na nikakubali haraka sana, bei ya watu wetu, nikijua hiyo ni kazi ya jioni moja na kikombe cha chai.

Kwa wale hawaijui, Nairobi Dam ni bwawa la kujengwa. Lilijengwa 1953 kuweka maji ya kunywa ya mji, hapo katikati ya Kibera na Lang'ata Road, chini ya zile nyumba za Nyayo Highrise, likizuia mto Motoine unaotoka pande za Dagoretti. Maji yakishapita ukuta mto unabadilisha jina, unaitwa Ngong River, unashuka South B, Industrial Area, Mukuru, mpaka unaenda kuingia Nairobi River huko mashariki. Wazee wanakumbuka mashua za tanga hapo wikendi na watu wakivua samaki. Halafu kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 magugu maji yakaingia, na tangu hapo mtu akipita Lang'ata Road kwa matatu anaona kiwanja cha kijani anadhani ni malisho. Lakini jina halikusahau, kijiji cha Kibera kilicho pembeni yake kinaitwa Silanga, na muulize Mkamba yeyote atakwambia silanga ni bwawa.

Sasa hesabu. Ukubwa unaotajwa siku zote ni ekari 88 hivi, yaani hekta 35 na kitu. Setilaiti za Landsat ndizo zina picha za zamani za kutosha, na pikseli moja ya Landsat, yaani kile kijiraba kidogo kabisa cha picha, ni mita 30 kwa 30, mita za mraba 900. Gawa mwenyewe, bwawa zima ni pikseli kama 400. Zipange mraba utapata 20 kwa 20, na kwenye mraba wa 20 kwa 20 pikseli za pembeni peke yake ni 76. Hiyo ni karibu moja kwa kila tano, na hizo za pembeni ndizo nusu maji nusu udongo, programu inaamua tu ziende wapi. Na bwawa halisi si mraba, liko na kona na mikono, kwa hivyo za pembeni ni nyingi kuliko hizo. Kwa hivyo hata siku ile bwawa lilikuwa limejaa maji safi na mashua juu yake, mtu wa Landsat angekuwa na shaka ya asilimia kadhaa kabla hajaanza kubishana na mtu. Mto wenyewe, ule wa mita chache unaoingia na kutoka, haumo kabisa. Kwa Landsat Motoine ni tetesi tu.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nikaendelea tu.

Njia niliyotumia ni ile ya kila mtu, indeksi ya maji. Maji humeza miale ya infraredi, ile jicho la mtu haliioni, karibu yote, hayarudishi kitu, lakini mwanga wa kijani yanarudisha kidogo. Majani ni kinyume, infraredi wanairudisha kwa nguvu. Kwa hivyo unachukua bendi ya kijani, yaani picha ya mwanga huo peke yake, unatoa infraredi, unagawa kwa jumla yake, ikitoka juu ya sifuri unasema maji, chini ya sifuri unasema nchi kavu. Mtu alipendekeza hiyo 1996 na mwingine akairekebisha 2006 akaweka infraredi ya mawimbi mafupi kwa sababu mijini mapaa ya nyumba yalikuwa yanajifanya maji. Ni hesabu rahisi na inafanya kazi vizuri sana Turkana, Naivasha, Masinga, mahali popote maji yameangalia juu.

Nikafungua Google Earth Engine, programu ya mtandaoni ya kuchambua picha za setilaiti, nikavuta Landsat 5, ile iliyorushwa 1984 ikafanya kazi hadi 2013, nikaongeza ya 7 na ya 8. Hapo kuna mambo mawili ya kukera ambayo sitayaeleza sana. Picha za kwetu za miaka ya 80 na 90 zina mapengo makubwa, kuna miaka unapata moja nzuri na nyingine hupati. Na Landsat 7 kuanzia tarehe 31 Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika, picha zikaanza kuja na mistari mitupu, karibu robo ya picha haipo. Ukiweka hiyo mistari juu ya bwawa la pikseli 400 unaweza kupoteza maji ambayo hayajapotea. Nikaruka hizo.

Matokeo yakatoka safi kabisa, na nilistahili kushtuka nikashangilia. Picha za zamani, bluu. Picha za baadaye, doa hapa doa pale, halafu hakuna. Nikachukua pia ile ramani ya dunia nzima ya maji ya juu ya ardhi iliyotoka 2016, ya kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, picha kama milioni 3 za Landsat kutoka 1984 hadi 2015, wale waliosema dunia ilipoteza karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu na kupata 184,000 mapya kwingine. Nayo haikunipinga. Nikaona nimepata shahidi. Sikukaa chini nikafikiria kwamba shahidi mwenyewe anatumia macho yaleyale ninayotumia mimi, na kwamba hao watu waliandika wazi wanapima maji yaliyo wazi kwa anga, si maji yaliyofunikwa. Hayo maneno nilikuwa nimeyasoma kitambo. Nilikuwa nimeyasoma kama vile mtu husoma masharti ya mkopo wa simu.

Jumatano usiku nikatuma skrinshoti kwa grupu, na sentensi moja: maji yamepotea karibu yote. Mwenyekiti akajibu na emoji tatu za moto. Halafu dada mmoja wa Silanga, ambaye kwa kawaida haongei sana kwa grupu, akatuma sauti ya sekunde chache: "Kaka, asante kwa kazi, lakini kama maji yameisha hawa mbu wetu wanazaliwa kwa majani?"

Grupu ikanyamaza. Nikaandika "tutaangalia" na nikalala vibaya.

Alhamisi nikapanda matatu ya Lang'ata nikashuka steji, nikakutana na yule dada na kijana mwingine, tukaingia kwa miguu. Pembeni ya bwawa kuna mzee analima nduma, safi, zimepangwa mistari na mitaro katikati, mbele yake kuna miwa kidogo na sukuma. Tukamwamkia, tukamweleza, nikamwonyesha ramani kwa simu. Akaishika mbali na macho vile wazee hushika simu, akaangalia, akarudisha. Hakunijibu. Akachukua mwanzi mrefu alikuwa ameegemeza kwa kibanda, akatupeleka mpaka mahali nduma zinaishia na magugu maji yanaanza, akausukuma katikati ya magugu. Ukaingia laini kama kisu kwa siagi, ukasimama. Akasukuma tena kwa uzito wake wote ukaenda tena, polepole, na harufu ikatufikia. "Ile ya kwanza ni maji," akasema. "Hii ya pili ni tope. Ukipita hapo ndio unaskia chini ya zamani, lakini mimi huu mwanzi wangu haufiki."

Nikamuuliza na hapa tumesimama je. Akakanyaga kwa gambuti, maji yakajitokeza kuzunguka mguu. "Hapa palikuwa maji. Mchanga ulikuja na mto, ukakaa, mimi nikakuja juu yake. Sikumwaga udongo mimi. Waliomwaga ni wale," akaonyesha kwa kidevu upande ambao kuna kifusi cha mjengo kimesukumwa mpaka ukingoni, "na hao hawalimi kitu."

Kwa hiyo dakika kumi ile rangi yangu moja ya "hakuna maji" ilikuwa imevunjika vipande vinne ambavyo havifanani hata kidogo. Kuna maji chini ya magugu. Hayo hayajapotea, yamefunikwa, na sababu yake inajulikana, maji taka yanashusha naitrojeni na fosforasi na hilo gugu kwa chakula cha aina hiyo linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki moja au mbili. Waulize watu wa Kisumu, Ghuba ya Winam mwishoni mwa miaka ya 90 ilikuwa imefungwa hivyohivyo, mashua hazitoki, na hakuna mtu alisema Ziwa Victoria limekauka. Kipande cha pili ni tope lililojaza bwawa, hilo maji yake yamepungua kweli kwa kina ingawa bado kumelowa, na dawa yake haiko bwawani, iko juu huko udongo unakotoka. Cha tatu ni mashamba kama ya mzee, kinamasi kinacholimwa, kinakula mvua na kinalisha watu. Cha nne ni kifusi, na hicho ndicho pekee unaweza kuita kupotea bila kupepesa macho.

Setilaiti yangu iliwapa wote jina moja. Na hebu fikiria ni nani anafurahia hilo jina. Hapa Nairobi ramani inayosema "hapa hakuna maji tena" ni zawadi kwa mwenye lori za udongo. Kanuni zetu za maji zinasema ukingo wa mto unalindwa kati ya mita 6 na mita 30 kupimwa kutoka pale maji hufika yakijaa kabisa, na kuna kanuni za 2009 za vinamasi na kingo chini ya sheria ya mazingira. Sasa kama maji hayako kwa ramani, hizo mita 30 unaanza kupima wapi? Nilikuwa karibu kuwapa kikundi cha kuokoa bwawa karatasi inayosema hakuna bwawa. Hiyo ndiyo ilinifanya nirudie kazi bila kuitisha pesa ingine. Wakamwandikia mfadhili, wakaongezwa wiki mbili.

Mara ya pili nilianza na swali tofauti, niliacha kuuliza maji yako wapi nikauliza ni wapi pamelowa mwaka mzima. Januari na Februari, jua likiwa kali na mvua ya Novemba imeshasahaulika, nyasi za Lang'ata zinabadilika rangi, lakini magugu maji na nduma yanabaki kijani vilevile kwa sababu miguu yao iko kwa maji. Kwa hivyo nikachukua picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hizo pikseli yake ni mita 10, bwawa lilelile la pikseli 400 linakuwa la zaidi ya 3,500, unaanza kuona vitu. Nikatafuta mahali panakaa kijani miezi ya kiangazi miaka kadhaa mfululizo. Hapo umbo la bwawa likarudi, karibu lote, kama picha ya zamani inayotokea kwa maji ya dawa. Ilikuwa bwawa la kijani. Nakubali nilikaa nikiiangalia kwa muda.

Lakini kijani hakitenganishi gugu na nduma. Nikajaribu ujanja unaotumika Winam, unachukua picha mbili za siku tofauti unaangalia nini kimesogea, kwa sababu gugu linaelea na upepo unalisukuma na nduma ya mtu haisogei. Huko Winam ni dawa. Hapa haikusaidia sana, bwawa limefungwa pande zote, gugu halina pa kwenda, limekaa kama watu kwa matatu ya saa kumi na mbili.

Nikaenda kwa rada. Sentinel-1, ndugu yake wa rada, inatuma mawimbi yake yenyewe, haijali mawingu wala usiku, na hiyo ni kitu kubwa Nairobi kwa sababu zile setilaiti za kupiga picha zinapita hapa asubuhi kama saa nne na nusu, na wewe unajua saa nne na nusu ya Julai Nairobi inakuwaje, wingu la kijivu limelala juu ya mji mpaka mchana. Miezi ya Juni hadi Agosti unaweza kukosa picha safi hata moja. Ukiona mtu anasema maji yalipungua katikati ya mwaka muulize kwanza aliona picha ngapi. Kwa rada maji yaliyotulia yanatokea meusi, manake mawimbi yanateleza hayarudi. Nikaweka kizingiti, yaani weusi wa kiasi gani nitauita maji, nikabonyeza, na ziwa refu jembamba jeusi tititi likatokea hapo karibu, limenyooka kama rula. Nikaongeza ukubwa. Ilikuwa uwanja wa ndege wa Wilson. Lami laini nayo inateleza mawimbi, kwa rada njia ya ndege na ziwa ni ndugu. Nilicheka peke yangu, lakini mtu ambaye hajakaa Nairobi akifanya hii hesabu kutoka mbali angeweza kuandika kwamba Lang'ata kumetokea maji mapya ya kudumu.

Rada ilinionyesha pia kitu ambacho sikukitafuta. Nilifungua za Aprili na Mei 2024, ile mvua ambayo iliua watu zaidi ya 200 nchini, ya Mai Mahiu na Mathare, baada yake serikali ikaamuru watu watoke mita 30 kutoka mitoni. Picha za kawaida za wakati huo ni mawingu matupu. Rada ipo, na penye uwazi unaona weusi wa mafuriko vizuri. Lakini ndani ya vijiji, mahali tunajua watu walisimama kwa maji usiku, hakuna weusi. Mabati na kuta vinarudisha mawimbi kwa nguvu sana, maji ya katikati ya nyumba hayaonekani. Sasa chukua hiyo ramani umpelekee mtu anayegawa msaada. Ataona tambarare za watu wachache zimefurika na Kibera iko kavu. Hiyo ni kazi ingine ya siku ingine, ila inanisumbua kuliko hii ya bwawa.

Mwishoni kutenganisha gugu na shamba tulifanya kwa mkono. Nilifungua picha za karibu za miaka tofauti nikafuata mitaro, kwa sababu mtu akilima anachora mstari na gugu halichori. Halafu Jumamosi mbili wale vijana wawili walitembea ukingo wote unaotembeka na simu zao, wakirekodi na kupiga picha kila hatua kadhaa, simu inakosea mita chache na hiyo ni sawa kwa pikseli ya mita 10. Mzee akatuazima mwanzi. Kila mahali walisukuma wakaandika: maji, tope, udongo mgumu. Daftari la shule, kalamu ya buluu, kurasa mbili zimelowa. Hizo ndizo data za maana kuliko zote kwa kazi yote hii, na ndizo hazikuhitaji bando.

Kwa upande wa zamani tukatumia ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 kupata umbo la bwawa kabla ya setilaiti. Hapo pia usijidanganye, milimita moja ya hiyo ramani ni mita 50 ardhini, kwa hivyo unene tu wa mstari wa mchoraji ni karibu pikseli nzima ya Landsat.

Na mwaka wa kuanzia ndio ulileta ubishi mkubwa zaidi. Mwenyekiti alitaka 1953 kwa sababu hasara inakuwa kubwa. Mimi nikasema 1953 hatuna picha ya setilaiti, tuna umbo la ujenzi tu. Mwingine akasema tuanze 2000 kama vile ripoti nyingi huanza. Nikawaonyesha kwamba ukianza wakati gugu limeshafunika, bwawa halijapoteza kitu, limetoka kijani likaenda kijani, mstari umelala. Bwawa ni lilelile na picha ni zilezile, lakini ukichagua mwaka mmoja ni msiba, ukichagua mwingine hakuna kilichotokea. Tukakubaliana kuweka yote mawili na kuandika kwa maneno ya kawaida kwa nini yanatofautiana.

Nikiwa hapo nilikumbuka hii kitu haiishii bwawani. Kenya kama nchi inahesabiwa pia. Kuna kiashiria cha malengo ya maendeleo ya dunia, 6.6.1, kinafuatilia mabadiliko ya maji na vinamasi vya kila nchi, na shirika linalokisimamia ni UNEP, la mazingira la Umoja wa Mataifa, hapa hapa Gigiri, linatumia hiyo hiyo familia ya data za setilaiti. Ni kazi nzuri na siidharau, bila hiyo nchi nyingi hazingekuwa na namba yoyote. Lakini angalia vile jumla inaficha. Turkana peke yake ni zaidi ya kilomita za mraba 6,000. Nairobi Dam haifiki hata nusu ya kilomita moja. Na miaka hii maziwa ya Bonde la Ufa yamefura, Baringo imemeza mahoteli na shule, Nakuru imemeza geti la mbuga, 2020 watu waliogopa Baringo na Bogoria zitakutana. Kwa jumla ya taifa hiyo yote inaingia kama maji yameongezeka. Mtu wa Baringo aliyehama nyumba ni nyongeza. Vinamasi vidogo vinaweza kuzikwa mmoja mmoja na mstari wa nchi ukaendelea kupanda.

Halafu kuna Ondiri, hapo Kikuyu, chanzo cha Nairobi River. Ile ni kinamasi kinachotikisika, mkeka wa majani umeelea juu ya maji, ukiruka unahisi ardhi inacheza hatua kadhaa mbele yako. Nikaweka indeksi yangu ya kwanza juu ya Ondiri, ya kujifurahisha tu. Kavu. Mto unaoupa mji wetu jina, kwa hesabu yangu ya Jumanne, unatoka mahali hakuna maji. Ndio maana hata kwenye hicho kiashiria vinamasi vyenye mimea vinatakiwa kupimwa kivyake, mbali na maji ya wazi, na ndio sehemu ngumu, na ndio sehemu watu wa skrinshoti huwa wanairuka.

Ripoti tuliyopeleka ilikuwa kurasa tano na ramani moja. Kwenye kile kiboksi cha namba waliandika asilimia ya maji ya wazi, wakaongeza mbele yake hayo maneno "maji ya wazi", na chini yake vipande vinne kila kimoja na kiasi cha chini na cha juu. Mfadhili alipiga simu kuuliza kwa nini hakuna namba moja. Mwenyekiti, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa ananitumia moto, akamjibu kwamba kuna namba nne kwa sababu kuna kazi nne, na kila kazi na bei yake. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Sikuongeza kitu.

Rangi ndizo zilitupiganisha mwisho. Mimi nilikuwa nimepaka magugu maji mekundu, vile watu hupaka kitu kibaya. Yule dada wa Silanga akakataa, akasema ukiweka nyekundu mtu ataona pamekufa, na chini kuna maji. Tukaweka mistari, kijani na bluu, kijani na bluu, kama kikoi.

Tulipochapisha tukampelekea mzee nakala moja kubwa. Akaiweka juu ya mfuko wa mbolea, akatafuta kibanda chake kwa kidole, akakipata, halafu akaniuliza kwa nini nduma zake nimeziweka ndani ya mstari wa maji. Nikamweleza huo ni mpaka wa maji yakijaa, tumeutoa kwa rada ya mvua ya 2024, hauna maana analima vibaya. Akafikiria. Akasema mwaka huo zilizama kweli, nusu yake zilioza, na kwamba mstari wenyewe umekosea kidogo, maji yalifika mpaka ule mti wa parachichi. Nikachukua kalamu.